Maswali ya Jikoni: Nyama imeiva, mchuzi bado

Safari hii maswali karibu yote yametokea kwenye sufuria moja: presha kuka, na ndani yake nyama ya ng'ombe. Tumechagua manane. Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250, na sufuria ni ya lita 5 au 6.

Nyama yangu ikitoka kwenye presha ni laini, haina ubishi. Lakini mchuzi ni maji tu, rangi ya chai iliyopauka, na viazi vimeyeyukia humo humo. Huwa naweka kila kitu pamoja, nafunika, nawasha. Nakosea wapi?
*Mama wa nyumbani, Kibaha*

Mama, umekosea hapo hapo kwenye "kila kitu pamoja". Presha ina kazi moja tu, kulainisha. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayavuki nyuzi joto 100. Ukiufungia mvuke ndani, joto linapanda hadi karibu 120, na nyuzi hizo 20 za ziada ndizo zinazoyeyusha kano na utando kwa nusu saa badala ya saa mbili na zaidi. Ila humo ndani kumejaa unyevu mtupu. Hakuna kinachokauka, kwa hiyo hakuna kinachopata rangi ya kahawia. Mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayapungui. Ladha ya kukaanga lazima uiingize kabla ya kufunika, na uzito wa mchuzi uutafute baada ya kufunua.

Kwa nyama kilo 1 yenye mifupa kidogo, andaa vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva sana, nyanya ya kopo vijiko viwili vya chakula, kitunguu saumu punje sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, viazi nusu kilo, karoti tatu, hoho moja, mafuta vijiko vitatu vya chakula, bizari nyembamba na pilipili manga kijiko cha chai kila moja, manjano nusu kijiko cha chai, na chumvi vijiko viwili vya chai. Maji ni kikombe kimoja na nusu. Najua utashtuka. Nyama yenyewe itatoa maji yake, na nyanya zitatoa yake, kwa hiyo ukifunua utakuta mchuzi mwingi kuliko ulivyouacha.

Katakata nyama vipande vya sentimita 4. Vikiwa vidogo kama vya mishikaki vitachambuka kabla mchuzi haujapata ladha ya mfupa. Kisha ikaushe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua rangi: nyama mbichi yenye maji juu yake ikiingia kwenye mafuta inajichemsha, inageuka kijivu, inaelea kwenye povu lake. Mafuta yakipata moto sawasawa, kaanga kwa awamu tatu, kila awamu dakika tano au sita, na usiigeuzegeuze. Iache kipande kishike chini, kikipata ganda la kahawia kitajiachia chenyewe. Weka pembeni, weka awamu nyingine.

Mafuta yaleyale, kaanga vitunguu dakika nane mpaka vilegee na kingo zipate rangi. Saumu na tangawizi dakika moja, viungo vikavu nusu dakika, kisha nyanya ya kopo dakika mbili nzima, ukikoroga, mpaka iache uchachu mbichi na rangi yake igeuke kuwa nyekundu ya matofali. Nyanya fresh zilizosagwa zinafuata. Hizo ziachie mpaka mafuta yajitenge pembeni, kama dakika sita. Hapo ndipo maji yanaingia, na kabla ya kitu kingine chochote kwangua chini ya sufuria kwa mwiko wa mti mpaka usikie ni laini kabisa. Gamba lile la kahawia ni nusu ya ladha ya mchuzi, lakini likibaki limeshika chini, litaungua.

Rudisha nyama pamoja na maji yake yaliyochuruzika kwenye sahani, tia chumvi, funika. Moto mkali mpaka presha ijae, kisha punguza, hesabu dakika 30. Zima, na uiache ishuke yenyewe dakika 15.

Viazi na karoti unatia sasa, mama, si mwanzoni. Kata viazi mara nne, tia, na upike bila kufunika kwa dakika 20 hivi. Vinaiva huku mchuzi unapungua, kazi mbili kwa moto mmoja. Ukiona bado mwepesi, ponda vipande vitatu vya kiazi ukutani mwa sufuria na ukoroge. Hoho dakika tatu za mwisho. Ndimu, ukiipenda, kamulia ukishaipua.

Unga wa ngano usiutie kabla ya kufunika hata kama mapishi fulani yanasema hivyo, maana unazama na kuungua. Kama ni lazima, koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye maji baridi mwishoni, uchemke dakika tano.

Jirani anasema nyama ni filimbi sita, shangazi anasema kumi na mbili. Nifuate nani?
*Mwanachuo, Morogoro*

Usifuate yeyote, fuata saa. Filimbi inalia mvuke unapozidi nguvu kile kizito kilichokaa juu ya tundu. Moto ukiwa mkali inalia kila nusu dakika, ukiwa mdogo inaweza kukaa dakika nne kimya, na nyama ndani inaiva vilevile, kwa sababu joto ni lilelile. Filimbi sita za jirani zinaweza kuwa dakika tano, na kumi na mbili za shangazi zikawa dakika arobaini. Tena kuna sufuria ambazo hazipigi filimbi kabisa. Kizito chake kinatikisika polepole muda wote, chi-chi-chi, na hiyo ndiyo dalili kwamba presha imejaa.

Subiri filimbi ya kwanza, au mtikisiko wa kwanza uliotulia. Punguza gesi mpaka mwali uwe mdogo kabisa usiozimika. Anza kuhesabu hapo. Nyama ya vipande vya sentimita 4 ni dakika 30, muundi na mkia dakika 45, kongoro saa nzima. Filimbi ikiendelea kulia mfululizo, moto ni mkubwa mno: unachoma gesi kutoa mvuke nje, na maji yanaisha bila wewe kuona.

Unayetumia jiko la mkaa una kazi kidogo zaidi, kwa sababu mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitasa. Presha ikishajaa, toa nusu ya makaa kwa koleo, yaliyobaki yafunike majivu. Kaa karibu.

Nikifika buchani naomba steki, tena isiyo na mafuta, naambiwa ndiyo nyama nzuri. Mbona ikitoka kwenye presha inakuwa kama nyuzi za katani?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu ni nzuri kwa kazi nyingine. Steki ya paja isiyo na mafuta wala utando haina cha kuyeyuka. Presha inaikamua maji, na kinachobaki ni nyuzi kweli. Nyama ya mchuzi ni ile sehemu ya mnyama iliyofanya kazi: shingo, bega, kidari, mbavu, muundi. Ina mistari meupe ya utando katikati. Ule utando ndio unaogeuka ute ule unaofanya midomo inate kidogo ukinywa mchuzi, na ndio unaougandisha kama jeli ukiuacha usiku kwenye friji. Buchani mwombe akupe bega au kidari robo tatu, na mfupa wa muundi robo, aupasue uboho uonekane. Mara nyingi utalipa pungufu ya steki.

Sasa, kabla hujailaumu presha, ujue kwamba nyama inaweza kukataa kwa namna mbili, na dawa zake zinapingana. Toa kipande kimoja, kiweke kwenye sahani, kibane kwa uma. Kikirudi kama mpira, na uma ukiteleza kwenye utando uliobaki mweupe na mgumu, bado hakijaiva: rudisha kifuniko, dakika 10 nyingine. Kikichambuka vizuri lakini nyuzi zenyewe ni kavu mdomoni, kimepitiliza, na hakuna dakika zitakazokiokoa. Hapo unachambua nyama yote, unaikoroga kwenye mchuzi mzito na kuilia chapati, na wageni hawatajua.

Kosa jingine linalokausha nyama ni haraka ya kutoa mvuke. Ukiinua kizito mara baada ya kuzima, presha inaanguka ghafla na mchuzi unatokota kwa fujo, pamoja na maji yaliyo ndani ya nyama yenyewe. Nyama haivumilii hayo. Zile dakika 15 za kuiacha ishuke si mapumziko, ni sehemu ya mapishi.

Nimenunua jiko la presha la umeme. Kila nikipika rosti linalia na kuandika kwamba chakula kinaungua, kumbe ndani kuna maji. Ni bovu?
*Baba wa wawili, Dar es Salaam*

Huenda ni zima kabisa. Chini ya bakuli kuna kipima joto. Kitu kizito kikishika pale, mara nyingi nyanya ya kopo au vitunguu vilivyogandia wakati wa kukaanga, sehemu hiyo inapata moto kupita kiasi huku juu kuna mchuzi, na jiko linajizima ili lisiharibike. Zima, toa mvuke, fungua, kwangua chini mpaka kuwe safi, ongeza nusu kikombe cha maji, uanze tena. Siku nyingine, ukishakaanga nyanya, tia maji, kwangua, halafu panga nyama juu bila kukoroga.

Mawili zaidi kuhusu ya umeme. Presha yake huwa chini kidogo ya ile ya kwenye gesi, kwa hiyo nyama ya dakika 30 ipe 35 hadi 40. Na usihofie LUKU: jiko la wati 1,000 linavuta umeme kwa nguvu likiwa linapanda tu, baada ya hapo linawaka na kujizima, kiasi kwamba sufuria nzima ya nyama haimalizi yuniti moja.

Presha yangu inatoa mvuke pembeni ya kifuniko, filimbi hailii hata baada ya nusu saa. Fundi anataka nibadilishe kifuniko kizima.
*Mama lishe, Mwanza*

Dada, kabla ya kifuniko angalia ule mpira unaozunguka ndani yake. Utoe kwenye mfereji wake, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukaushe. Kisha ukunje kwa vidole viwili, kipande kwa kipande, ukizunguka wote kwenye mwanga. Mpira mzima unakunjika na kurudi bila alama. Uliochoka unaonyesha vijistari vidogo kama nyufa za tope kavu, au umekuwa mgumu na unang'aa, au umetanuka kiasi kwamba ukiurudisha unazidi mfereji na kufanya mawimbi. Ukiona lolote kati ya hayo, nunua mpya wa aina na kipimo kilekile cha sufuria yako. Nenda na kifuniko dukani, usinunue kwa kukadiria kwa macho. Anayepika kila siku kama wewe ategemee kubadilisha kila mwaka au mwaka na nusu.

Kama mpira ni mzima, pitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria. Punje moja ya wali iliyokaukia pale inatosha kupitisha mvuke. Ukingo uliobonyea kwa kugongwagongwa na mwiko nao unavujisha, na huo hautibiki kwa mpira wala kwa kifuniko kipya. Kwa hiyo mwambie fundi asubiri.

Papai bichi na magadi vinafaa kwenye nyama ya presha?
*Msomaji, Tabora*

Papai bichi linalainisha kweli, lakini ni la nyama ya kuchoma. Ukililaza kwenye nyama kisha ukaipeleka kwenye presha, juu inakuwa uji na katikati inabaki vilevile. Magadi yanaua uchachu wa nyanya na kuacha harufu ya sabuni. Una presha, huhitaji hayo.

Huku Njombe mapishi yenu yanakuwa mabichi. Dakika 30 hazitoshi kabisa.
*Mwalimu, Njombe*

Ni kweli, mwalimu, na kosa si lako. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Sufuria ya wazi kwako inachemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage yanakesha jikoni. Kizito cha presha kinaongeza nguvu juu ya hewa iliyopo, hakikirudishi chakula chako pwani. Kwa hiyo hata ndani ya presha una nyuzi tatu au nne pungufu ya mtu wa Tanga. Ongeza robo ya muda: 30 iwe 37 au 38, 45 iwe 56. Maji usiongeze. Wa Mbeya na Nairobi, walioko kati ya mita 1,700 na 1,800 hivi, waongeze moja ya tano.

Nilitaka nyama ya nazi, nikatia tui mwanzoni, nikafunika. Nilipofungua nilikuta mafuta juu na vitu kama maziwa yaliyoganda chini. Na mama mkwe sasa anasema hilo sufuria ni bomu, nilitupe.
*Bi harusi, Tanga*

Mwanangu, tuanze na tui. Tui zito halihimili joto la presha, linakatika. Pika nyama kwa tui la pili, lile jepesi, badala ya maji, au kwa maji tu. Ukishafunua na mchuzi umepungua, shusha moto, tia tui la kwanza kikombe kimoja, koroga upande mmoja bila kuacha mpaka litokote kidogo, uipue. Dakika tano zinatosha. Lililokwisha kukatika unaweza kulisaga kwenye blenda bila nyama, litarudi kwa kiasi, si sana. Ndizi mbichi nazo ukitaka kuzitia ziingie baada ya kufunua, kama viazi.

Kuhusu mama mkwe: shikamoo yake, na hofu yake ina sababu. Denis Papin, Mfaransa aliyetengeneza sufuria ya namna hii ya kwanza mwaka 1679, alilazimika kubuni na valvu ya kutolea mvuke uliozidi, kwa sababu bila hiyo ni kweli ingelipuka. Sufuria haigeuki bomu ghafla, inageuka pale njia ya mvuke inapoziba. Basi kabla ya kila mpiko inua kifuniko kuelekea dirishani na uchungulie kwenye lile tundu linalokaliwa na kizito. Uone mwanga upande wa pili. Usipouona, zibua kwa njiti au waya mwembamba, suuza, uchungulie tena. Jaza sufuria isizidi theluthi mbili, na nusu tu kwa maharage na vingine vyenye povu.

Pembeni ya kifuniko kuna kizibo kidogo cha usalama. Katika sufuria nyingi kina madini laini yanayoyeyuka maji yakikauka na moto ukizidi, ili mvuke utoke hapo. Kikitoboka, nunua kingine cha sufuria hiyohiyo. Kuna wanaoziba kwa msumari au gundi ya chuma. Sufuria ya namna hiyo mama mkwe akiiita bomu, amesema kweli.

Na kifuniko kikikataa kufunguka, usikilazimishe wala usimwite mtu mwenye nguvu. Inua kizito kwa uma. Kama kuna hata mlio mdogo wa mvuke, kishushe na usubiri. Sufuria ya gesi unaweza kuiweka chini ya bomba maji baridi yapite juu ya kifuniko, ila ya umeme usiimwagie maji kamwe. Kama imepoa kabisa na bado imegoma, ndani hewa imejivuta. Iwashie moto mdogo dakika moja, zima, itaachia.